Taa Nyepesi ya Kichwani: Mwanga wa Kambi katika Ukungu wa Mufindi

Mwezi wa Juni, shule zinapofungwa, wazazi wengi hupenda kuwatoa watoto nje ya nyumba kwa siku mbili tatu. Kwa familia zilizopo Igowole na vijiji vya jirani, njia inayotoka Nyololo kuelekea Kibao, Mtwango hadi Mgololo, hakuna haja ya kwenda mbali. Mashamba ya chai yako mlangoni, misitu ipo, na mwenye uwezo zaidi hujipangia kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hema huazimwa kwa jamaa, mablanketi hufungwa, sufuria na birika hutiwa kapuni. Kitu kimoja hukumbukwa jioni ya kuamkia safari, nacho ni taa. Hapo baba husema tochi ya simu itatosha, mama naye huongeza mishumaa miwili kwa tahadhari.

Ndugu msomaji, tunaomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwani usiku wa Juni katika Nyanda za Juu Kusini ni mrefu. Unazidi saa kumi na mbili, jua huchomoza saa moja asubuhi ikiwa imekaribia, na baridi hufikia hali ya umande kuganda mabondeni. Watoto wataamka usiku kwenda haja. Watu wazima wataamka kabla ya alfajiri kutafuta maji ya kutawadha. Haya yote hufanyika gizani, mahali pasipozoeleka, penye mizizi, mifereji na utelezi.

Mshumaa na koroboi havina nafasi ndani ya hema. Mahema mengi ya siku hizi ni ya nailoni au poliesta, nguo ambayo huyeyuka na kushika moto kwa haraka, na mlango wake ni zipu moja ambayo mtoto aliyeshtuka usingizini haioni. Waislamu tumefundishwa tangu zamani kuzima moto na taa tunapokwenda kulala. Mafundisho hayo yanapata maana ya wazi kabisa mtu anapolala ndani ya kitambaa. Na kwa kuwa tumegusa moto, tuseme na hili hata kama si la taa: jiko la mkaa lisiingizwe hemani kwa ajili ya kujipasha joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu waliolala. Nje ya hema pia tahadhari inahitajika, kwa sababu Juni ni kiangazi na Mufindi ni wilaya ya misitu. Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya Serikali nchini, liko humo, na cheche moja katika majani makavu ya misindano si jambo dogo.

Simu nayo ina kazi yake. Ikitumika kama tochi usiku kucha, asubuhi haitakuwa na chaji ya kumpigia mtu iwapo mtoto ameumia. Tena hushika mkono mmoja, na kambini mkono ni mali. Anayembeba mtoto mchanga, anayemimina maji ya kutawadha, anayekaza kamba ya hema kwenye upepo, wote wanahitaji mikono miwili. Ndiyo maana tunapendekeza taa ya kichwani, ile yenye ukanda wa mpira, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanaijua siku nyingi.

Taa hizo zimejaa madukani na tofauti zake ni kubwa. La kwanza kulitazama ni uzito. Zipo zenye balbu mbele na kisanduku cha betri kisogoni, zikitumia betri mbili nene za lithiamu. Kila betri ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo kabla hujahesabu balbu, waya na ukanda, tayari umebeba gramu 90 kichwani. Mtu mzima atavumilia kwa saa moja. Mtoto wa miaka minane ataivua baada ya dakika kumi, naye ataiacha asipoikumbuka. Taa nyepesi ni ile ambayo kila kitu kimo katika kisanduku kimoja kidogo cha mbele, na uzito wake pamoja na betri hauzidi gramu 80 au 90. Zipo nzuri zisizofika hata gramu 50. Duka likiwa na mzani wa kupimia sukari, si vibaya kuomba ipimwe.

La pili ni mwanga, na hapa ndipo maandishi ya makasha yanapowapotosha wengi. Kipimo cha mwanga wote unaotoka katika taa huitwa lumeni. Ndani ya hema lumeni 10 hadi 20 zinatosha kusoma na kutafuta soksi. Kutembea katika njia inayojulikana kunahitaji 50 hadi 100. Lumeni 300 ni za kumulika mbali kwa muda mfupi, pale unapotaka kujua kilichotikisa kichaka ni mbuzi au ni kitu kingine. Sasa mtu akikuonyesha taa ya bei ya chini kabisa iliyoandikwa lumeni 50,000, ujue hiyo ni namba ya kupamba kasha. Watengenezaji waaminifu hufuata kanuni iitwayo FL1, iliyotolewa Marekani mwaka 2009. Kwa kanuni hiyo, saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Hivyo taa ya lumeni 300 inayosemwa kuwaka saa 40 itakuwa na lumeni 30 tu saa hizo zinapomalizika, na huenda imefifia mapema zaidi. Hata umbali unaotajwa huishia pale ambapo mwanga umebaki kiasi cha mbalamwezi angavu. Si uongo, lakini inafaa mnunuzi ajue anachoambiwa.

Lipo jambo la Mufindi ambalo kasha halilisemi, nalo ni ukungu. Katika ukungu mzito, taa ya kichwani yenye mwanga mkali humpofusha mwenyewe. Matone madogo ya maji yaliyomo hewani hurudisha mwanga, na kwa kuwa taa iko juu kidogo tu ya macho, mwanga huo hurudi moja kwa moja machoni. Mtu huona ukuta mweupe mbele yake na haoni njia miguuni. Madereva wa barabara ya Mafinga wanaifahamu hali hiyo, maana kuwasha taa kali ndani ya ukungu huongeza upofu, nao hushusha taa. Dawa yake kwa mtembea kwa miguu ni rahisi. Punguza mwanga, kisha ivue taa na uishike mkononi usawa wa kiuno ukiielekeza chini. Mwanga ukitoka chini, vivuli vya mawe na mashimo hujitokeza na ukungu haurudishi mwanga machoni kwa nguvu ileile. Kwa sababu hiyo sisi hatuoni umuhimu wa kununua taa yenye nguvu kupita kiasi kwa ajili ya Igowole. Muhimu ni iwe na ngazi kadhaa za mwanga, ya chini ikiwa chini kwelikweli, na kichwa chake kiweze kuinamishwa.

Kuhusu betri, familia hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaopenda taa ya kuchaji kwa waya wa simu. Ni nyepesi, haina gharama ya kila mara, na pawa benki moja huijaza mara kadhaa. Wapo wanaopenda ile ya betri tatu ndogo, zile za rimoti, kwa kuwa hupatikana katika duka lolote la kijijini. Zote mbili ni hoja za haki. Kwa safari ya usiku mmoja au miwili tungechukua ya kuchaji. Kwa siku nne porini tungetafuta ile inayokubali njia zote mbili, na ikikosekana, ya betri za rimoti. Baridi nayo ina neno: betri za kawaida hupungukiwa nguvu usiku wa baridi kali, wakati za lithiamu huvumilia zaidi. Lala nayo taa ndani ya blanketi, usiiache kwenye mfuko wa hema. Safari ikiisha, zitoe betri za rimoti kabla ya kuihifadhi, kwani zikikaa miezi huvuja na kula vyuma vya ndani.

Tahadhari moja zaidi kwa wanunuzi wa betri nene za lithiamu. Zikiwa zimeandikwa uwezo wa mAh 9,900, ziache. Betri ya umbo hilo, hata ya kiwanda bora, haikaribii 5,000, na anayedanganya kuhusu uwezo hana sababu ya kusema kweli kuhusu usalama. Betri hovyo za lithiamu hupata moto na zinaweza kulipuka, na hiki ni kitu kinachofungwa kichwani mwa mtoto wako.

Kina mama na mabinti wana swali lao ambalo wauzaji hawalifikirii: ukanda huteleza juu ya ushungi. Juu ya kitambaa laini chenye kung'aa taa hushuka machoni kila hatua. Ushungi wa pamba huishika vizuri, na kofia ya sufu juu ya ushungi hushika vizuri zaidi, tena kwa baridi ya Juni itahitajika tu. Ukanda wenye mstari wa mpira wa kunata upande wa ndani una faida hapa. Ukanda wenyewe uwe unatoka, ufuliwe, maana jasho la safari tatu halivumiliki.

Swichi nayo ijaribiwe ukiwa umevaa glavu au vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Taa inayojifunga isiwake yenyewe ndani ya begi ni bora. Isiyo na kifungo hicho, legeza betri au geuza moja wakati wa safari. Kwa mvua, alama ya IPX4 inamaanisha inastahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na hiyo inatosha kwa manyunyu na kutawadha. IPX7 ni ya kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Ni nzuri ukiipata, lakini si ya kuiongezea fedha nyingi.

Mwanga mwekundu, uliopo katika taa nyingi, usidharauliwe. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde chache huharibu mazoea hayo. Mwekundu hafifu huyahifadhi, huvuta wadudu wachache, na hukuruhusu kumkagua mtoto bila kuwaamsha wengine. Watoto wafundishwe pia adabu ya taa hii: anayesalimiana na mwenzake aiinamishe kwanza au aizime, kwani kila anakogeuka usoni mwa mtu anampiga mwanga wa macho. Tumeona kambi ambapo watu wazima walizungumza huku wote wamefumba macho.

Fedha ikiwa haitoshi kwa kila mmoja, taa mbili za kawaida ni bora kuliko moja kubwa, ili anayempeleka mtoto chooni asiwaache waliobaki gizani. Na kabla ya safari, mkabidhi mtoto ya kwake baada ya sala ya Isha, atembee nayo uani nusu saa, afungue kamba za viatu, achote maji, aizime na kuiwasha bila kuitazama. Ikimbana au ikishuka machoni, duka bado liko karibu.