Kompyuta ndogo zisizokula umeme: Je, zina unafuu wa kweli?

KOMPYUTA inayoenea kiganjani na inayotumia umeme pungufu ya balbu ya zamani yaweza kuonekana kuwa mkombozi wa mwalimu, mwanafunzi au mwenye steshenari wa Matogoro, kata ya Manispaa ya Songea iliyo chini ya milima unakoanzia Mto Ruvuma. Hata hivyo, hesabu za gharama zinaonyesha kwamba si kila mnunuzi atapata unafuu anaoutarajia.

Kompyuta hizo zipo za aina mbili. Ya kwanza ni bodi moja yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa Februari 29, 2012 kwa Dola 35 za Marekani. Mwaka 2020 ikatolewa Raspberry Pi 400, ambayo bodi yake imewekwa ndani ya kibodi. Aina ya pili ni visanduku vidogo vyenye prosesa kama Intel N100 ya mwaka 2023, vinavyotumia Windows kama kompyuta nyingine.

Raspberry Pi haili umeme mwingi kwa sababu prosesa yake ni ya jamii moja na zile za simu za mkononi, zilizobuniwa kuishi kwa betri. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 hutumia takriban wati 3 hadi 7. Kompyuta ya mezani ya zamani, pamoja na skrini yake, huweza kufikia wati 100 au zaidi.

Hesabu ya LUKU

Songea ilitegemea mitambo ya dizeli hadi mwaka 2018, ilipounganishwa na gridi ya Taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kwa aliyeunganishwa na gridi, swali la kwanza ni kiasi atakachookoa.

Kompyuta ya wati 100 ikiwashwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia uniti 20.8. Kompyuta ndogo ya wati 5 yenye skrini bapa ya wati 20 hutumia uniti 5.2. Tofauti ni uniti 15.6. Kwa kiwango cha Sh292 kwa uniti kilichopitishwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, unafuu huo ni takriban Sh4,555 kwa mwezi, au Sh54,700 kwa mwaka. Kwa mteja mdogo wa nyumbani anayelipa Sh100 kwa uniti, haufiki hata Sh1,600 kwa mwezi.

Ikumbukwe pia kwamba bei ya bodi si bei ya kompyuta. Mnunuzi atahitaji chaja yake maalumu, kadi ya kumbukumbu, kasha, skrini, kibodi na kipanya, mbali na gharama ya kuisafirisha. Kwa hiyo mwenye kompyuta inayofanya kazi vizuri hana sababu ya kuitupa kwa ajili ya LUKU peke yake.

Penye umeme wa jua

Hesabu hubadilika pale umeme unapotoka kwenye sola. Betri ya volti 12 na Ah 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, zinabaki 600. Kiasi hicho kinaendesha kompyuta ya wati 100 kwa saa sita, lakini ile ya wati 25 kwa saa 24, kabla ya kutoa upotevu wa inveta. Anayetumia kompyuta ndogo huhitaji paneli na betri chache zaidi, na hapo ndipo fedha nyingi huokolewa.

Ushahidi upo nchini. Shirika la Powering Potential lilifunga Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari wilayani Karatu, Arusha, zikiwa na maktaba ya RACHEL inayosomwa bila intaneti.

Vikwazo

Kikwazo kikubwa ni programu. Raspberry Pi hutumia Linux, hivyo programu nyingi za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows hazifanyi kazi ndani yake. Kuandika barua, kutengeneza majedwali na kusoma mtandaoni hakuna tatizo. Programu huria si ngeni nchini: Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004.

Aidha, kompyuta hizi hazina betri. Umeme ukikatika ghafla, kazi isiyohifadhiwa hupotea na kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika. Katika bodi hizo kumbukumbu haiwezi kuongezwa baadaye, hivyo ni vyema kuchagua ya kutosha tangu mwanzo.

Mshindani wao mkubwa ni kompyuta mpakato iliyotumika. Nyingi hutumia wati 20 hadi 40, na zina skrini, kibodi na betri, ingawa betri hiyo lazima ipimwe kabla ya kulipa.

Kwa ufupi, anayetegemea sola, au shule inayotaka kompyuta kumi kwa pamoja, atafaidika na bodi ndogo. Mwenye steshenari anayehitaji Windows aangalie kisanduku kidogo, huku mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Matogoro anayehamahama kati ya bweni na darasa akifaa zaidi kununua mpakato.