Rasilimali Watu: Somo la Matuta ya Ukambani

Siku hizi ukiingia katika ofisi yoyote kubwa utauona mlango ulioandikwa "Rasilimali Watu". Zamani mlango huo uliandikwa "Utumishi", na kabla ya hapo haukuwapo kabisa. Palikuwa na karani aliyeshika daftari la majina na nyapara aliyeshika bakora. Neno hili rasilimali si geni kwetu watu wa pwani. Asili yake ni Kiarabu, yaani kichwa cha mali, na wazee wetu wa biashara za majahazi walilitumia kwa ile fedha ya kuanzia. Mfanyabiashara aliichunga fedha hiyo kuliko faida yenyewe, maana faida ikikosekana msimu huu itapatikana msimu ujao, lakini rasilimali ikiteketea biashara imekwisha.

Basi swali letu leo ni hili: mtumishi aliyepewa jina la rasilimali, je, anachungwa kama rasilimali? Au mlango umepakwa rangi mpya na bakora ingali ndani?

Kulijibu swali hili sitakupeleka bandarini Kilindini wala kwenye maghorofa ya Nairobi. Nitakupeleka Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni, si mbali na mji wa Wote. Hiyo ni nchi ya Wakamba, nchi ya ukame, ambako mvua huja kwa kusitasita na mkulima hutegemea pojo, kunde, mtama na miembe yake. Hadi 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na katika wilaya hiyo lilitokea jambo ambalo kila mwenye kusimamia watu yampasa alijue.

Wakamba wana ada iitwayo mwethya. Ni ujima kama ule tuujuao sisi. Mtu akiwa na kazi iliyomzidi nguvu, kama kujenga nyumba au kulima shamba, huwaita jirani zake, nao huja na majembe yao. Mwenye kazi huwapa chakula, na siku nyingine zamu humgeukia mwenzake. Hapana mshahara wala nyapara. Asiyefika huulizwa hali kwanza kabla ya kulaumiwa, kwa kuwa huenda ana mgonjwa nyumbani.

Mnamo 1938 serikali ya kikoloni, ilipoona udongo wa Ukambani unamomonyoka, ilisema ng'ombe wamezidi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, na ndivyo kisiwa chetu kilivyoingia katika historia ya Ukambani. Mwisho wake serikali ililazimika kuuacha mnada ule wa lazima.

Lakini amri haikukoma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walitolewa majumbani kwa amri ya machifu wakachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kazi hiyo ya kulazimishwa ikapewa jina lile lile la mwethya. Watu wakaenda kwa shingo upande. Majembe ni yale yale na mikono ni ile ile, ila moyo haukuwapo.

Katika miaka ya 1950 mambo yakageuka. Vikundi viliachiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, wanawake wengi wakiwamo, na mkulima akaachiwa kusema tuta analolitaka. Agizo la awali lilikuwa tuta jembamba ambalo udongo wake hutupwa upande wa chini. Wakulima walilipenda zaidi tuta la ngazi, kwa kuwa lilishika maji na kuongeza mavuno. Njia ya kulijenga tuta la namna hiyo kwa kuutupa udongo upande wa juu huitwa "fanya juu", na maneno hayo mawili ya Kiswahili yamo leo katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Kazi iliyokuwa ikikokotwa ikaenda mbio.

Hata hivyo, mwenye kovu usidhani kapoa. Uhuru ulipopatikana 1963 wengi waliacha kuchimba kwa muda, kwa sababu jembe la matuta lilikuwa bado likinuka amri. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1970, vikundi vilifufuka. Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa wilaya ile, ingawa idadi ya watu wake iliongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, ardhi yake ilikuwa katika hali bora kuliko ilivyokuwa zamani.

Kabla Ukambani haujapitia hayo, wenye viwanda ng'ambo nao walikuwa wakilitafuta jambo hilo hilo. Baina ya 1924 na 1932, katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, wataalamu walibadilisha mwanga wa taa na saa za kupumzika ili waone kazi itaongezeka vipi. Wakahitimu kwamba mfanyakazi huchangamka akijua kuwa anaangaliwa na kusikilizwa. Wanazuoni wa baadaye wamebishana juu ya vipimo vyao, lakini tangu hapo ofisi ya utumishi ilianza kumtazama mtu badala ya daftari peke yake.

Kwetu Kenya fikira hiyo imeingia hata katika sheria. Chukua neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili adai ujira wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Inasema pia kwamba mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kosa la kazini kabla ya kumweleza kosa hilo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenziwe amtakaye, na kumsikiliza.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza 2013, kijana wa Kathonzweni atakaye kazi ya kaunti, kama ualimu wa chekechea, hupeleka ombi lake kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yake. Hii ni neema, kwa kuwa mlango umesogea karibu. Lakini ukaribu wa mlango haumjulishi mtu kwa bosi wake. Afisa anaweza kukaa karibu nawe na akakujua kwa nambari ya mshahara tu, na alama ya kidole ikamwambia kuwa hukufika kazini isimwambie kwamba umemzika mzazi.

Wako wasemao kuwa kazi haingoji baraza. Na wayatazame yale matuta ya amri: yaliagizwa upesi, na wengi wakayaacha mara amri ilipoondoka.

Nasi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Nabii Musa katika Surat Al-Qasas. Binti alimshauri babake amwajiri kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Mzee yule akaweka muda wazi, miaka 8, na ya ziada mpaka 10 ikawa hiari ya Musa, akamwambia kuwa hataki kumtia mashakani. Kuchagua kwa sifa, mapatano yaliyo wazi, na kumhurumia mtu: hayo ndiyo yafundishwayo leo katika vyuo vya usimamizi.

Basi wewe mwenye duka Mombasa, mwenye hoteli Malindi, mwenye jahazi Lamu, hata kama huna mlango wa "Rasilimali Watu", watu unao. Kabla hujampa mtumishi wako amri ya kesho, muulize kazi hii yeye aionaje. Kuuliza si ujinga, na huenda tuta analolijua yeye ndilo litakaloshika maji.