Fanta ya kwanza ilikuwa ya makapi

Geuza chupa ya Fanta usome maandishi madogo. Utakuta imejazwa hapa hapa kwetu, Moshi, Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, na kwamba kiwanda kimefanya hivyo kwa idhini ya kampuni ya Coca-Cola. Mnywaji hana haja na maandishi hayo, ila yanaeleza jinsi biashara ya soda inavyokwenda. Kampuni hiyo ya Atlanta, kwa sehemu kubwa, haiuzi soda yenyewe. Inauza kiini, yaani ladha iliyokolezwa. Mwenye kiwanda hukichanganya na shira ya sukari, huongeza maji na gesi, hujaza, huziba na kupanga kwenye kreti. Maji ni yake, sukari anainunua mwenyewe, malori ni yake, na chupa tupu anazifuatilia mwenyewe madukani. Asichonacho ni kiini tu. Kikikatika, mitambo yote inabaki vyuma.

Ndicho kilichomkuta Max Keith, Mjerumani aliyeongoza tawi la Coca-Cola mjini Essen. Kinywaji hicho kiliingia Ujerumani mwaka 1929, na kufikia 1939 mauzo yalikuwa yamefika kreti zipatazo milioni 4.5 kwa mwaka. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Meli za Uingereza zikafunga njia za bahari, kiini kikawa kinafika kwa shida, na Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, mlango ukafungwa kabisa. Keith alikuwa na viwanda, wafanyakazi na wateja, lakini hakuwa na cha kuwauzia.

Hakungoja afike huko. Mwaka 1940 aliwaagiza wataalamu wake watengeneze soda nyingine kwa kile kinachopatikana, na katika nchi iliyo vitani kinachopatikana ni kile ambacho wengine wamekiacha. Maziwa yakigandishwa kuwa jibini, hubaki majimaji mepesi ya rangi ya kijani kibichi inayoelekea njano, yenye uchachu kidogo na sukari ya maziwa. Viwanda vya jibini vilikuwa nayo tele. Matufaha yakikamuliwa kwa ajili ya pombe, hubaki makapi. Viwili hivyo ndivyo vilivyokuwa msingi wa kinywaji kipya, pamoja na mabaki ya matunda mengine kila yalipoonekana sokoni. Utamu ulitoka kwanza kwenye sakarini, baadaye wakaruhusiwa kutumia kiasi kidogo cha sukari ya viazisukari. Chungwa halikuwamo. Na kwa kuwa mabaki hayakuwa yale yale kila mara, ladha nayo ilibadilika kadiri shehena zilivyoingia.

Jina lilipatikana kikaoni. Keith aliwataka watu wake waachie fikra zao ziruke, akitumia neno la Kijerumani Fantasie, na muuzaji mmoja aitwaye Joe Knipp akalikata hapo hapo: Fanta. Mwaka 1943 ziliuzwa karibu kreti milioni 3. Si zote zilizonyweka kwa bilauri. Sukari ilikuwa kwa mgawo, na mama wa nyumbani waligundua kwamba Fanta inafaa kukolezea supu na vyakula vya sufuriani.

Kuna maneno yanayozunguka sana kwamba Fanta ilibuniwa na Wanazi. Si kweli kwa namna inavyosemwa. Keith hakuwahi kujiunga na chama chao, na vita vilipokwisha wachunguzi waliotumwa na makao makuu walilithibitisha hilo. Akaikabidhi Atlanta kampuni yake ikiwa hai, jambo ambalo wenyewe hawakulitarajia. Lakini kumfanya shujaa aliyejificha nako ni kupamba. Alifanya biashara ndani ya utawala ule, kwa ruhusa zake na kwa mgawo wake wa sukari, na aliteuliwa kusimamia pia mali za Coca-Cola katika nchi zilizokuwa zimetekwa. Asiye mwanachama anaweza kuneemeka vile vile. Mwaka 2015, Fanta ilipotimiza miaka 75, tangazo moja la Ujerumani liligusia raha ya enzi nzuri za zamani. Watu wakauliza ni enzi zipi hizo, na tangazo likaondolewa haraka.

Fanta ya makapi iliachwa vita vilipokwisha. Tunayoijua sisi ilianzia Napoli, Italia, mwaka 1955, kwa machungwa ya huko. Ukiacha ile Fanta ya vita, Coca-Cola ilikuwa imeuza kinywaji kimoja tu tangu 1886, na Pepsi ilikuwa imeanza kuibana. Ikahitajika soda ya pili, na jina lilikuwapo tayari, limekaa bure. Miaka minne baadaye Ujerumani Magharibi wakatoa Fanta ya limau isiyo na rangi. Hiyo ndiyo iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1961 kwa jina la Sprite.

Kwa mtazamo wangu, historia hii ndiyo inayoitenganisha Fanta na kaka yake mkubwa. Coca-Cola ni kanuni moja inayolindwa kama hazina. Fanta haijawahi kuwa na kanuni moja, kwa sababu ilianzia kwa mjazaji badala ya mwenye siri, na mjazaji huangalia kilichopo na kinachouzika kwao. Ndiyo maana Fanta ya chungwa ya Marekani haina juisi hata tone, wakati nchi nyingi za Ulaya huitia juisi kiasi. Kwetu Afrika Mashariki kuna ya nanasi na ya pasheni, matunda tunayoyachuma wenyewe, na kuna ile ya zambarau, Blackcurrant, inayogombewa harusini ingawa tunda lake ni la nchi za baridi na wanywaji wake wengi hawajawahi kulitia machoni.