Hewa Iliyofichwa Ndani ya Mawe

Katika nchi iliyo kati ya Namanga na Kajiado kuna mawe ya marumaru, magumu na makavu kwa kuyatazama. Lakini unga wa mawe hayo ukidondoshewa tindikali hufura mapovu mara moja. Mapovu hayo ni hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dayoksaidi. Ndiyo hewa tuitoayo puani, na ndiyo irukayo chupa ya soda ifunguliwapo.

Hewa hii ni kaboni iliyoungana na oksijeni. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, yapata mara moja na nusu. Msomaji aweza kujihakikishia jambo hilo jikoni mwake. Tia kijiko cha magadi katika jagi, kisha mimina siki. Povu likitulia, inamisha jagi polepole juu ya mshumaa unaowaka, pasipo kuimwaga siki yenyewe. Mshumaa utazimika, ingawa hukuona kitu kikimiminika. Kwa sababu hiyo hewa ya ukaa hutiwa katika mitungi ya kuzimia moto.

Wachoma chokaa wanaijua kazi yake hata kama hawalijui jina lake. Mawe safi ya chokaa ya kilo 100, yakichomwa barabara tanuruni, hubaki kilo 56 tu. Kilo 44 zimepaa angani. Tena ajabu ni hii: chokaa hiyo ikikorogwa na maji na kupakwa ukutani, huinywa hewa ile ile kidogo kidogo, ikarudi kuwa jiwe. Fundi husema chokaa imekauka. Kumbe imekula hewa.

Kaskazini-magharibi ya Namanga, katika Bonde la Ufa, liko Ziwa Magadi, na kusini yake Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Magadi yachotwayo Ziwa Magadi yakichomwa kiwandani hutoa mvuke na hewa ya ukaa, na kinachobaki hutumiwa kutengenezea kioo. Katika bonde hilo hewa ya ukaa hupanda yenyewe kutoka chini sana kupitia nyufa za ardhi. Wachunguzi walikadiria mwaka 2016 kuwa yapata tani milioni 4 hutoka kila mwaka. Huko Kereita, katika Kiambu, imechimbwa kwa visima na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda.

Lakini uzito wake una hatari. Hewa hii hutuama ndani ya mashimo na visima vilivyofunikwa siku nyingi, ikiisukuma nje hewa njema. Ikiwa nyingi, ashukaye humo huzimia kabla hajaita, na ndugu yake amfuataye kumwokoa huanguka juu yake. Taa iliyoteremshwa kwa kamba ikizimika, asishuke mtu. Hata isipozimika si amani kamili, hasa mahali palipowashwa mashine ya kuvutia maji, kwa maana moshi wake, kama ule wa jiko la makaa chumbani, una kaboni monoksaidi, nayo ni sumu isiyozima taa. Kisima kipigwe upepo kwanza, na mwenye kushuka afungwe kamba kifuani. Akinyamaza, walio juu wamvute. Asishuke wa pili.