Fahamu: Mashimo ya mchanga Nakuru yatafukiwa na nani?

Malori yakishaondoka na mchanga na kokoto kati ya Gilgil na Elementaita, yanabaki mashimo, hatari kwa watoto na mifugo mvua ikiyajaza maji. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayeomba leseni ya kuchimba awasilishe mpango wa kurekebisha eneo na kuweka dhamana ya fedha.

Kazi yenyewe ya kurekebisha huanza siku ya kwanza ya kuchimba. Udongo wa juu, wenye rutuba, hukwanguliwa na kurundikwa kando, mbali na kifusi. Ukiuzwa pamoja na mchanga, nyasi zitaota kwa shida sana. Na huku kwetu ardhi ya majivu ya volkano humomonyoka upesi, hivyo kingo lazima zilazwe na maji yachimbiwe mitaro kabla ya kupanda chochote.

Kurekebisha machimbo kunawezekana. Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji mwaka 1971. Majani yalipokataa kuoza, alileta jongoo wayatafune yawe mboji. Leo pale pana viboko na twiga.

Ripoti ya tathmini ya mazingira ikifika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ulizeni: udongo wa juu utawekwa wapi, na dhamana ni kiasi gani?