Dubu wa Sweden na Njia Mbili za Bibi Zao

Chukua unyoya wa dubu jike wa misitu ya Dalarna, katikati ya Sweden, uuweke kando ya unyoya wa jike mwingine wa Lapland, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo hiyo. Kwa macho hutaona tofauti. Wote ni dubu wa kahawia, wote hula sisimizi, nyasi na matunda ya porini, wote hulala usingizi mzito majira ya baridi. Ila maabara itakwambia kuwa nasaba zao za kukeni ziliachana zamani sana, kabla hata ya kilele cha zama za barafu. Wa Dalarna ana ndugu kwenye milima ya Cantabria, kule Hispania, na zamani alikuwa nao Pyrenees pia, kati ya Hispania na Ufaransa. Jamaa za wa Lapland wako Urusi.

Je, ulijua kwamba nchi moja yaweza kuwa na dubu wa namna moja waliofika kwa milango miwili?

Habari hii ilitangazwa mwaka 1994 na Wafaransa wawili, Pierre Taberlet na Jean Bouvet. Walichochunguza ni mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli. Mitokondria zina DNA yake yenyewe, na mtoto huirithi kwa mama tu. Baba hachangii kitu. Fikiria jina la ukoo linalopita kwa mama, bibi, mama wa bibi, likirudi nyuma maelfu ya vizazi bila kuguswa na mwanamume hata mmoja.

Sasa turudi miaka kama 21,000 nyuma. Norway, Sweden na Finland zote zilikuwa chini ya barafu ambayo penye unene zaidi ilifikia kama kilomita 3, yaani nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Ukingo wake wa kusini ulikaribia mahali ilipo Berlin leo. Hapakuwa na sisimizi wala tunda, na dubu asiye na chakula hana makao. Wakabaki kusini na mashariki, wakisubiri pasipo kujua kama wanasubiri.

Barafu ilipoanza kurudi nyuma, haikuacha bustani. Iliacha kokoto, matope na upepo. Zikaja nyasi na vichaka, na nyuma yake wakaja walao nyasi. Pale Stellmoor, karibu na Hamburg, mwanaakiolojia Alfred Rust alifukua katika miaka ya 1930 maelfu ya mifupa na pembe za kulungu aktiki waliowindwa mwishoni mwa zama za barafu. Misitu ilipoota na hali ya hewa ikapungua makali, kulungu hao wakazidi kusogea kaskazini, na dubu, ambaye ni mtu wa msituni, naye akafuata miti.

Dubu wa magharibi, wazazi wa kale wa wale wa Dalarna, walipitia Denmark. Bahari ya Baltiki wakati mmoja ilikuwa ziwa la maji matamu, na kati ya Denmark na kusini mwa Sweden palikuwa na nchi kavu. Ukiwa na miguu, unavuka. Wa mashariki walizunguka kwa juu, wakaingia kupitia Finland. Katikati yao lilibaki pande la barafu lililokuwa likiyeyuka polepole, na ndilo lililowatenga hadi mwisho. Lilipokwisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, njia ilikuwa wazi. Ardhi yenyewe haijasahau mzigo ule: pwani ya Höga Kusten huko Sweden imeinuka mita 286 tangu barafu iondoke, na bado inapanda kama milimita 8 kila mwaka.

Dubu hawakuwa peke yao. Panya wa mashambani na kirukanjia nao waliingia Skandinavia kwa pande mbili wakakutana katikati. Mwingereza Godfrey Hewitt, aliyeanza na utafiti wa panzi, aliunganisha mifano ya namna hii kutoka Ulaya nzima katika makala yake maarufu ya mwaka 2000.

Kinachonishangaza mimi si kukutana kwa dubu hao, bali ni kwamba mpaka kati ya nasaba zao za kukeni bado upo. Miaka elfu kumi ni mingi kwa mnyama mwenye miguu minne na nguvu kama zile. Kwa nini nasaba hizo hazikuchanganyika?

Jibu liko kwenye malezi. Mradi wa utafiti wa dubu wa Skandinavia, ulioanza mwaka 1984, umefuatilia dubu kwa kuwavisha kola zenye redio. Mabinti wengi huweka makao jirani na mama zao, kiasi kwamba majike wa ukoo mmoja hukaa kwa mashada, mama, binti na dada. Madume karibu wote huondoka, na wengine huenda mbali sana. Kwa hiyo damu huchanganyika kupitia madume, lakini jina la bibi halisogei.

Tusilinyooshe simulizi kupita kiasi. DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya kale imeonyesha kuwa dubu wa Ulaya hawakuwa wamefungiwa kila kundi kwenye kona yake wakati wa zama za barafu kama ilivyodhaniwa. Halafu kuna bunduki. Serikali ya Sweden ililipa watu kuua dubu hadi mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1930 walikuwa wamesalia kama 130 tu. Leo wamepita 2,000, wengi wao wakitokana na wale wachache, na waliopotea walikwenda na sehemu ya historia ambayo hatutaisoma kwenye unyoya wowote.

Watoto wa dubu huzaliwa pangoni mwezi Januari, katikati ya usingizi wa mama, kila mmoja akiwa na uzito wa kama nusu kilo. Baada ya mwaka mmoja au miwili mama huwaacha wajitegemee. Binti husogea bonde la pili, anatulia. Kaka yake huondoka, pengine akavuka mpaka ule wa kale na kuzaa watoto upande wa pili. Mitokondria za mama yake anakwenda nazo popote, na siku akifa zinafia naye hapo.