Zimwi 'alikuja' au 'lilikuja'? Kiambishi kidogo, tofauti kubwa

Unaandika hadithi kwenye simu. Usiku, kijiji cha milimani Kasulu, kiumbe anatoka porini. Je, "zimwi alikuja" au "zimwi lilikuja"?

Zote mbili utazikuta. Shuleni tunafundishwa kwamba kiumbe hai anachukua a- na wa-, hata jina likianza na ki- au wingi wake ukiwa na ma-: kiboko amelala, mazimwi wamekuja. Ila methali ya wazee haijali hilo: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo zimwi ni dude la kutisha, si mwenzetu. Jitu nalo ni hivyo hivyo. Mtoe mtu m- yake, mpe ji-, na wengi watasema "jitu lile" bila hata kufikiria.

Jini ana bahati zaidi. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert yumo jini anayeitwa Huria. Jaribu kusema "Huria lilikuja" uone linavyogoma mdomoni. Kiumbe akishapata jina na ukoo, a- inakuja yenyewe. Mwandishi mjanja anaweza kuanza na "zimwi lile" na kuhamia "zimwi yule" pale msomaji anapoanza kumjua.

Na jamii nzima ya viumbe? Angalia wenyeji wa Kasulu na Kibondo. Kwa Kiswahili ni Waha, kwa lugha yao ni Abaha, mmoja ni Umuha. Wa- na herufi kubwa vinasema: hawa ni watu. Ukiandika "Wazimwi" badala ya "mazimwi", umeshawapa kabila.

Kazi ipo kwenye mbilikimo. Wengi wanalitumia kwa vijitu vya kwenye filamu, lakini neno hilo huitwa pia watu halisi, wakiwemo Watwa wa Burundi na Kongo, majirani kabisa wa Kigoma. Hapo bora ubuni jina lako. J.R.R. Tolkien, kwenye The Hobbit ya 1937, alibadili tahajia kidogo tu, f ikawa ve, katika wingi wa jina la mbilikimo wake. Ikatosha kuwatenga.

Kasulu wanajua vizuri neno linavyoweza kumtoa mtu kwenye utu. Shule ya Kabanga, wilayani humo, ilipokea watoto wenye ualbino waliokuwa wakikimbia mauaji ya mwishoni mwa miaka ya 2000, wakati watu walipodanganywa kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mitaani waliitwa zeruzeru, wingi mazeruzeru, kwa ma- ile ile ya mazimwi na majini. Si kila ma- ni tusi, madaktari na mabibi wapo. Lakini neno hili lilitembea na uzushi kwamba watu hao hawafi, wanapotea tu, kama vile si binadamu. Ndiyo maana leo inaandikwa "mtu mwenye ualbino", "watu wenye ualbino". Mtu anatangulia.

Kwa hiyo kama hadithi yako ina kivuli cheupe kinachotembea usiku, usikiite zeruzeru. Kiite mzimu. Wingi wake ni mizimu.